Chungu cha Moto Kutoka Bwegera

Ninyi wanawake wa uani kwetu kule Buyenzi mmenichosha. Kila anayevuka kuja huku Uvira ananiletea swali lile lile: "Mama Furaha, mulifika? Ilikuwaje?" Wa kwanza nilimjibu kwa mdomo. Wa pili nikamjibu kwa mdomo. Wa tatu alinikuta nasonga bugali, nikamsimulia mpaka bugali ukaniharibikia. Basi leo nimekaa chini nimeandika. Awasomee yule anayejua kusoma, na asiruke mahali ninapojitukana mwenyewe, maana najua hapo ndipo mnapopapenda.

Buyenzi hadi Cibitoke

Mnakumbuka nilivyotoka mbio Jumanne asubuhi, hata sufuria ya Mama Zaina nikaifunga ndani ya mzigo wangu bila kujua. Iko salama, nitaituma. Kilichonitoa ni barua ya Baba Furaha.

Mume wangu ni masoni, fundi wa kuta, na nyumba yetu ya mtaa wa Kilibula aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Msingi aliuweka mwaka ule wa uhuru. Watu wako barabarani wanaimba, yeye yuko shimoni anakanyaga udongo. Mabati alimaliza kuyapigilia wiki ileile uasi ulipofika Uvira, tukakimbia kabla hata ya kutandika mkeka ndani. Kwa hiyo nilikuwa mwanamke mwenye nyumba ambayo sijawahi kulala ndani yake, na watoto watatu waliokulia kwenye chumba cha kuazima. Asanteni kwa chumba kile, lakini chumba cha kuazima ni chumba cha kuazima.

Mji ulipotulia yeye akatangulia, na sasa aliandika hivi. Shefu wa mtaa ametangaza kwamba familia nyingi hazina pa kulala, na nyumba tupu haziwezi kuachiwa panya. Jumapili hii saa nane mchana atapita kwenye avenyu yetu. Nyumba inayotoa moshi wa familia, mke na watoto wakiwa ndani, ni ya wenyewe. Isiyotoa moshi atapewa mwingine. Mwanaume peke yake anayechemsha chai uani si familia, huyo ni mpita njia. Na bwana mmoja mwenye kamyo yake ya mizigo alikwisha kuja mara mbili na kamba kuupima mlango wetu, aone kama kitanda chake kitapita. Mume wangu hakuthubutu kuuacha mlango ule aje kutuchukua. Mwisho kabisa akaandika: "Pitia Bwegera, umwambie Mama aje. Kwetu nyumba mpya haiwashwi bila Mama."

Hayo maneno ya mwisho niliyasoma haraka haraka. Ole wangu.

Habari za karatasi na mihuri naziruka, zilinitoa machozi mara moja na inatosha. Njia fupi ya Gatumba ilikuwa imefungwa wiki ile, ikabidi tuzunguke kaskazini. Tulipata gari dogo lililobeba kreti za pombe, mimi na Neema mgongoni, Bahati wa miaka minne kwenye mapaja, na Furaha, mkubwa wao, wa miaka saba, amekalia chupa tupu. Shofere alituambia tutafika Cibitoke kabla ya jua kuwa kali. Kumbe ana mashemeji njia nzima! Kila kijiji anasimama kusalimia, na kila shemeji ana kibuyu. Kwenye kituo cha tatu nilishuka nikamwambia, "Baba, watoto yangu banaungua na jua, weye unasalimia familia ya nani tena?" Akanijibu kwa upole kabisa kwamba muntu asiyesalimia hafiki mbali. Tulifika Cibitoke jua linazama.

Pale mama mmoja wa Kirundi, hata jina hakuniambia, alituona tumekaa juu ya mizigo akatuita kwake. Alitupa ndizi za kupika na maharagi, na maziwa mgando kwenye kibuyu kilichonukia moshi. Bahati alikunywa mpaka akavimba. Jumatano asubuhi yule mama alikataa asante yangu, akasema yeye pia alishawahi kukimbia.

Kuvuka Ruzizi

Mtoni tulikuta mtumbwi mmoja na mwenyewe amekaa kwenye kivuli anachokoa meno. Nikamsalimia, nikamwambia tunavuka. Akasema ngoja. Nikangoja. Nikamwambia tena, akasema ngoja, mama. Nikaona wazi: huyu anangoja abiria wengine ajaze mtumbwi, na mimi siku zangu zinahesabika! Mnanijua nikipanda hasira. Nilimwambia kwamba ana moyo wa jiwe, kwamba mtoto wangu wa mgongoni ana haki yake mbele ya Mungu, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaokota kokoto, akalitupa kwenye maji, na hapo palipoanguka pakainuka kichwa cha kiboko, kikapiga chafya, kikazama.

"Beko tatu," akasema. "Nilikuwa nangoja batoke kwa njia."

Nilitulia kama maji mtungini. Tulingoja mpaka jua likawa utosini, na tulipovuka nilishika watoto wote watatu kwa mikono miwili, msiniulize namna gani. Ng'ambo ile yule bwana alimbeba Bahati mabegani mpaka nchi kavu, akaniambia, "Mama, midomo yako ingetosha kubafukuza bale biboko." Nilistahili.

Bwegera, siku mbili nisizozitaka

Tulifika Bwegera Jumatano jioni, kati ya mashamba ya mpunga uliokaribia kuiva. Mama mkwe alitupokea kwa vigelegele, akawabusu watoto, akaninawisha mikono mwenyewe kama malkia. Nyumbani yuko na binti yake Nabintu, ambaye ni wifi yangu. Tulikula sombe ya majani ya muhogo na wali mpya. Mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi, na mimi nikaona nisipoteze muda.

Sasa fungueni masikio. Mimi ni mtoto wa pwani ya ziwa. Kwetu moto ni kitu cha kuomba jirani: kiberiti kimekwisha, unatuma mtoto na kigae, anarudi na kaa. Nilimtazama yule mama, miguu yake imevimba, mgongo umepinda, nikawaza, huyu atafikaje Kilibula? Nilimhurumia, wallahi. Basi nikasema kwa sauti tamu: "Mama, weye usijisumbue na safari. Nipatie tu moto ya jiko yako, nitaenda nayo."

Nabintu aliweka tonge chini. Mama mkwe alinyanyuka, akafunika jiko lake kwa majivu, akaingia ndani kulala, na jua bado halijapotea sawasawa.

Alhamisi asubuhi hakunijibu salamu. Alipita mbele yangu kama mimi ni upepo, akaenda shambani kufukuza ndege wanaokula mpunga. Nikamkamata Nabintu kwenye kisima. "Nimekosa nini?"

"Wifi," akasema, "uko na akili kweli? Huku kwetu moto ya jiko ya mama muzima haiombwagwe. Inaombwa siku ya kilio chake, mukwe anaichukua ili jiko isikufe pamoja naye. Weye umemwambia mama yangu mbele ya wajukuu: kufa, nichukue."

Nilikaa chini palepale kwenye matope. Nilijitukana kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kivira. Mume wangu aliniandikia mlete Mama. Mimi, kwa ujanja wangu, nikataka kuuleta moto na kumwacha mwenyewe! Na leo Alhamisi, na Jumapili inakuja, na nyumba yetu iko mikononi mwa bibi kizee ambaye nimemzika hai. Niliogopa kuliko nilivyoogopa viboko.

"Nifanye nini?"

"Usimuombe musamaha na kinywa, hataisikia. Mupelekee kuni."

Basi huku kwao kumpelekea mwanamke kuni bila kuagizwa ni kumwambia jiko lako liwake miaka mingi. Nilipanda kilimani kutafuta kuni na Neema mgongoni. Huku bondeni kuni ni shida, miti yote imekwisha katwa. Nilirudi na mzigo ulionikwaruza shingo, nikaushusha mlangoni kwake. Hakutoka. Nikaenda tena. Jioni kulikuwa na mizigo mitatu, na yeye akaipita akienda kukamua mbuzi.

Ijumaa niliwachukua watoto wote tukamfuata shambani bila kualikwa. Alikuwa amekaa kwenye kijukwaa chake, ana kamba na madebe, anapiga kelele kila kundi la ndege likitua. Nikasimama upande wa pili wa shamba nikaanza kupiga kelele zangu. Furaha akapiga debe. Bahati alitengeneza mabonge ya matope akawa anawatupia ndege, na kwa kuwa ana miaka minne, ndege hawakupatwa na hata moja. Moja lilinipata mimi mdomoni nikiwa katikati ya kupiga yowe.

Ndipo nikasikia kicheko. Mama mkwe alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamtoka. Alicheka mpaka ndege wakala mpunga kwa raha zao. Jua lilipolegea nilikuwa sina sauti tena, nimebaki kunong'ona. Akaja akasimama mbele yangu, akanifuta matope kwa kitenge chake.

"Weye mutoto ya ziwa," akasema. "Haujuwe kitu. Lakini unapiga kelele muzuri." Kisha akasema, "Moto haiendake bila mwenye moto. Kesho jogoo akiwika, tunatoka minye na weye."

Nililia kwa sauti ile ile niliyokuwa sina.

Pamba na moto

Jumamosi alfajiri alichukua chungu cha shingo nyembamba, akaweka majivu, juu ya majivu makaa kutoka jikoni kwake, juu ya makaa pumba za mpunga. Pumba haziwaki, zinafukuta tu pole pole, na mtu akijua kuzilisha moto unakaa siku mbili. Akakifunika kwa kigae chenye tundu. Akajitwika chungu kichwani, akachukua fimbo yake, akanitangulia. Miguu ile ile niliyoihurumia!

Barabarani ilikuja kamyo ya pamba iendayo Uvira, na mimi nikaruka katikati ya njia. Shofere alikubali mara moja, akasema tupande juu ya mafurushi, kuko laini kama kitanda. Nilikwisha mpandisha Furaha na Bahati, wanaruka ruka huko juu, wakati shofere alipouliza bibi amebeba nini.

"Moto," akasema mama mkwe, bila wasiwasi.

"Mama! Moto? Juu ya pamba? Minye niko na watoto nyumbani!"

Nilimsihi. Nikamwambia bibi atakaa mbele, chungu nje ya dirisha. Akasema yeye ameona waasi, ameona askari, ameona mabomu, na hajafa. Hatakufa kwa ajili ya chungu. Akatuambia tumwage moto, tupande, na Uvira kuko viberiti. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa anakiweka chungu sawa kichwani. Mnisamehe, nusu dakika nilifikiri: viberiti. Kwa mwendo wa saa tatu tu tungekuwa Kilibula. Kisha nikakumbuka lile jiko lililofunikwa majivu Jumatano, nikawashusha watoto.

Tukatembea. Kutoka Bwegera hadi Sange kwa miguu na watoto wadogo ni safari ya kumkumbusha mtu dhambi zake. Katekista mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli alimpakia Bahati mpaka Luberizi, akawa anamfundisha sala njia nzima, na Bahati akawa anamfundisha kutukana ndege. Furaha alitembea peke yake, hakulalamika mpaka Luberizi, na baada ya Luberizi hakuacha kulalamika. Kila tulipopumzika mama mkwe aliinama juu ya chungu, akapuliza, akaongeza kiganja cha pumba, akakifunika. Aliwapa watoto mahindi ya kuchoma yaliyopoa kutoka mfukoni mwake. Mara moja aliniuliza, "Mwanangu mulango yake ya nyumba inaangalia wapi?" Nikasema ziwani. Akaguna, akaridhika.

Mvua ilitukamata tukiingia Sange. Tulilala kwenye kanisa dogo, chungu katikati, sisi tumekizunguka.

Baryeri ya Kavimvira

Jumapili asubuhi Mungu alituletea kamyo ya matofali. Matofali hayaungui! Shofere alisema asamehewe kufanya kazi siku ya Bwana, watu wa Uvira wanajenga upya na hawangoji Jumatatu. Lakini tope lilikuwa jingi, tulisukuma mara mbili, na tulipofika Kavimvira ilikuwa karibu saa sita. Kamyo haikuweza kuendelea, kwani mbele yake kuna mto na daraja lilivunjwa wakati wa vita. Tukashuka kwenye baryeri ya askari, kamba iliyofunga njia.

Sajenti wao alikuwa mtu mrefu wa mbali, Kiswahili chake cha kuokoteza, macho mekundu kwa usingizi. Aliangalia mizigo yetu haraka. Kisha akaona namna mama mkwe alivyokishika chungu kwa mikono yote miwili.

"Yaka awa!" akaita kwa Kilingala, njoo hapa. "Iko nini humu?"

Akafungua kigae. Akaona majivu. Nanyi mnajua wakati ule, waasi walikuwa na dawa zao za kujipaka ili risasi igeuke maji, na askari waliziogopa kuliko risasi yenyewe. Bibi kizee kutoka bondeni, amebeba majivu kama mtoto mchanga! Askari wawili wakarudi nyuma. Sajenti akasema kwa sauti ndogo, "Mwaga."

Nilianza kueleza nyumba, shefu, Jumapili, moshi, maneno yakigongana. Akasema tena, mwaga. Mama mkwe akanisogeza pembeni kwa kiwiko.

"Mwanangu," akamwambia, "kama iko dawa, ingiza kidole."

Naye kwa kiburi, mbele ya askari wake, akaingiza kidole. Akaruka juu! Alipiga yowe la mtoto, akarusha mkono, na askari mmoja akacheka kabla hajajizuia. Mimi nilifunga macho nikamwombea kila mtu pale. Nilipofungua, mama mkwe alikuwa ameushika ule mkono wa sajenti, anakipuliza kidole, puu, puu, anamwambia pole, pole mwanangu, moto haijuwe cheo.

Sajenti akamtazama. Halafu akaangalia kwenye kibanda chao, ambako sufuria ilikuwa imekaa juu ya mawe matatu, kuni mbichi kwa mvua, viberiti vyote vimelowa. Tangu jana hawajanywa hata chai.

"Mama," akasema, sauti nyingine kabisa, "iko ya kutosha?"

Mama mkwe alitoa makaa mawili, akayalisha pumba na vijiti kutoka darini mwa kibanda, akapuliza mpaka uso wake ukawa mweusi. Askari walipoona ndimi za moto walipiga makofi. Watoto walipewa visamaki vya ndagala vya kukaanga na sukari mkononi. Sajenti mwenyewe akatufungulia kamba.

Na hapo, ndugu zangu, penye furaha yote hiyo, mimi nikaharibu. Tulifika mtoni, maji ya magoti, mawe yanateleza. Nikamwambia mama mkwe alete chungu nikibebe mimi, yeye ashike fimbo. Hakutaka. Nikamnyang'anya kwa upendo. Hatua ya nne nikateleza. Neema mgongoni sikumlowesha hata ukosi, lakini chungu kiligonga jiwe, kikasema *tshii*, na majivu yakaondoka na maji kuelekea ziwani.

Mama mkwe alikaa kwenye jiwe katikati ya mto. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya. Imeisha." Heri angenipiga.

Nilimpa Furaha mtoto, nikageuka, nikarudi mbio baryeri, nguo zimelowa, kiatu kimoja. Nilisimama mbele ya sajenti na kikombe chake cha chai. Kuomba moto kuliniponza Bwegera, na sasa nilikuwa naomba tena, kwa mwanaume mwenye bunduki.

"Baba, ile moto tuliwapatia. Naomba muturudishie kidogo. Yetu imekufa, na nyumba yangu inaenda."

Akaniangalia juu mpaka chini. Akaweka kikombe. Akaita mmoja alete beseni la chuma, wakajaza vijinga vinavyowaka kabisa, akaniambia, "Panda."

Nipande wapi? Kwenye jeep yao, ambayo maji ya magoti haiyaogopi!

Tulimkuta mama mkwe palepale kwenye jiwe. Nikamwonyesha beseni, nikamwuliza kwa woga, "Mama, iko ileile moto, ao imekuwa ya baserikali?" Akafikiri. Kisha akainuka.

"Moto iko mutoto. Akienda kula kwa jirani, anabadilika baba?"

Kilibula

Tuliingia Kilibula kwa jeep ya askari, bibi kizee mbele amekumbatia beseni la moto, watoto nyuma wanapungia watu mikono kama wakubwa wa serikali. Watu walifunga milango. Wengine walichungulia, na walioniona wakanitambua wakaanza kukimbia nyuma yetu.

Mbele ya nyumba yetu kamyo ilikuwa imesimama, kitanda juu yake. Shefu, mtu mnene mwenye kofia, alishika karne yake, daftari la majina, na kalamu. Na mume wangu! Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameiweka ukutani huku na huku, amekonda, anasema kwa sauti iliyokwisha pasuka, "Wanakuja. Nakuambia wanakuja." Alipotuona mikono ilimwanguka.

Shefu alipoona jeep alivua kofia. Sajenti alimsaidia mama mkwe kushuka, akampigia saluti, akageuza gari. Lakini shefu alijitia moyo. "Sikiliza," akasema, "minye nilisema moshi. Saa nane imefika. Moshi iko wapi?"

"Ingia uone," akasema mama mkwe.

Akaingia na beseni kwenye nyumba ambayo haijaona moto tangu izaliwe, sisi nyuma yake, shefu nyuma yetu na karne yake. Alipanga mafiga, akamimina vijinga, akaweka kuni za mume wangu, mbichi kwa mvua ya jana. Akapuliza.

Sasa mumsikie masoni wangu. Katika fahari yake yote, kuta zilizonyooka, pembe za kupimwa, jiko ndani kama nyumba za wazungu, alisahau tundu la moshi! Na dirisha alikuwa amelipigilia mbao kwa kuogopa wezi. Moshi ulipanda, ukafika kwenye mabati, ukakuta hakuna pa kutokea, ukarudi chini kututafuta mmoja mmoja. Watoto walikimbilia nje wanapiga kelele. Shefu akakohoa, akajigonga ukutani, akakohoa tena.

"Inatosha! Nimeona moshi! Nimeona!"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, fimbo yake imekatiza njia.

"Andika kwanza," akasema.

Aliandika, ndugu zangu. Aliandika jina letu huku machozi yanamdondokea kwenye karatasi, na mama mkwe, asiyejua kusoma, akaniita mimi nisome kama ameandika sawasawa. Nilisoma kwa jicho moja. Ilikuwa sawasawa. Ndipo akainua fimbo.

Moshi ulipopenya hatimaye kwa wingi chini ya mabati, majirani walidhani nyumba inaungua wakaja na ndoo za maji, ikabidi mama mkwe awafukuze kwa yowe lile la shambani. Wakasimama pale na ndoo zao, wakaelewa, wakaanza kucheka. Kicheko kikashika avenyu nzima. Yule bwana wa kamyo aliondoka na kitanda chake, na nasikia amepata nyumba nzuri mtaa wa Rombe, simchukii. Wale wa ndoo wakarudi tena, safari hii na vigae, wanaomba kaa la moto, maana viberiti vyao vililowa kwa mvua ya jana. Mama mkwe aliwagawia wote, maana jiko hili ni langu, si lake. Kila aliyekuja, yeye alimwuliza kwanza kama mama yake yuko mzima.

Mimi nilisonga bugali wa kwanza kwenye sufuria ya Mama Zaina, macho yamefumba, nalia na sijui kama ni moshi au ni furaha, ingawa najua, ilikuwa furaha. Mume wangu alitoboa ukuta kwa patasi huku anaomba radhi kwa nyumba. Bugali uliungua chini na ulikuwa mbichi juu. Tuliula wote kwenye sinia moja, na shefu, ambaye alisema anapita tu, aliongezewa mara mbili.